Ujuzi wa Fundi Usizikwe Pamoja Naye

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani kuzika twajua. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri amekwisha kuoshwa na kukafiniwa, na baada ya sala ya alasiri watu wanarudi kutoka makaburini wakipangusa mchanga mikononi. Siku yake ikifika husomwa hitima, huombwa dua, watu wakala na kutawanyika. Huo ni mwendo mwema tuliourithi kwa wazee wetu, wala sikukusudia kuutia ila. Neno langu leo ni jingine. Kuzika twajua, ila kukumbuka hatujui. Na hasa hatujui kumkumbuka mtu aliyekula kwa mikono yake: seremala, mwashi, mhunzi, mshonaji, fundi wa mashua.

Akifa mwanachuoni, wanafunzi wake hukaa barazani wakataja alisoma kwa nani na akamsomesha nani. Akifa tajiri, hutajwa majumba yake. Akifa mwanasiasa, magazeti hujaa picha. Lakini akifa fundi aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa, husemwa maneno matatu tu, "Alikuwa fundi hodari," kisha mtu akauliza habari za bei ya samaki. Alijifunza kwa nani? Ni kazi gani iliyomsumbua hata akaigundulia njia? Ni vijana gani walioshika randa mbele ya macho yake? Hakuna aulizaye, na baada ya miaka kumi hata akitokea wa kuuliza hapatikani wa kujibu.

Jambo hili sikulianza kulifikiri huku pwani. Lilinijia bara, mahali ambapo wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajafika.

Mazishi ya Githongo

Githongo ni mji mdogo katika Imenti ya Kati, huko Meru, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Udongo wake ni mwekundu, asubuhi zake zina ukungu na baridi ya kumfanya mtu wa Mombasa atafute blanketi mwezi wa Julai. Kuna kahawa, kuna viazi, na juu zaidi kuna mashamba ya chai ya wakulima wadogo wadogo. Chai hiyo hupelekwa kiwandani hapo hapo Githongo, kisha hushuka hadi kwetu, kwani mnada wa chai ya Afrika Mashariki ulihamishwa kutoka Nairobi kuletwa Mombasa mwaka 1969. Kwa hivyo mtu wa pwani anayedhani kwamba Githongo haimhusu na aangalie kikombe chake cha asubuhi.

Tena kuna jambo jingine linalotuunganisha. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, kisiwa kilichokuwa baharini, na kwamba waliteswa huko na watawala waliowaita "Nguo Nyekundu" hata wakatoroka usiku kuelekea bara. Wako wataalamu waliodhani kwamba Mbwaa ni Manda, hapo mkabala na Lamu. Iwe ni kweli au isiwe, kuna sehemu moja ya masimulizi hayo inayonigusa. Watawala wale, wasimulizi wanasema, waliwapa watu wale mitihani isiyowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, tena wafue mkuki utakaofika mbinguni. Angalia basi kwamba mitihani ile ilikuwa ya ufundi. Aliyetaka kuwaonea watu aliwaendea mafundi wao kwanza, maana alijua ndipo penye nguvu yao.

Mimi nilifundisha Kiswahili upande huo kwa miaka kadhaa. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa na babu yake seremala, mzee aliyeshika kazi hiyo zaidi ya miaka hamsini. Alipofariki nilikwenda kuwapa pole, na siku ya mazishi nikahudhuria kama jirani.

Huko mazishi si ya siku moja. Maiti huwekwa juma zima au zaidi, jamaa wakutane, michango ichangwe, na kijitabu kichapishwe chenye picha na maisha ya marehemu. Siku yenyewe ikifika, kijitabu hicho husomwa mbele ya watu wote. Nilikaa nikasikiliza kwa hamu, maana mila hii ya kusoma maisha ya mtu hadharani sisi hatunayo, nami nilikuwa nimeanza kuihusudu.

Kilisomwa kwa muda mrefu. Tulielezwa mzee alizaliwa wapi, wazazi wake, ndugu zake kwa majina, mwaka aliooa, watoto wake mmoja mmoja pamoja na vyeo vyao na miji wanakoishi, idadi ya wajukuu na vitukuu, kamati alizokalia, maradhi yaliyomsibu na hospitali alizolazwa. Kuhusu kazi yake paliandikwa sentensi moja: "Marehemu alikuwa seremala." Miaka zaidi ya hamsini ikawa maneno matatu. Nikaona kwamba tofauti yetu na wenzetu wa bara ni ya karatasi na kipaza sauti tu. Fundi hufunikwa huku na huku.

Na jambo jingine lilinichoma. Mzee yule ndiye aliyekuwa akiwatengenezea majeneza watu wa mtaa ule, na mara nyingi kwa maskini hakutoza ila bei ya misumari. Yeye mwenyewe alizikwa katika jeneza lililonunuliwa mjini, la mbao nyembamba zilizopakwa rangi zikang'aa. Hakuwapo mtu pale wa kumtengenezea la mbao za kweli.

Yaliyokuwa ndani ya sentensi moja

Hebu nieleze, kwa kadiri nilivyoona na kusikia, yaliyofichwa na ile sentensi.

Kuna mti huko uitwao muuru, ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru. Hauoti kila mahali duniani. Kwao ni milima hii ya kati ya Kenya. Mbao zake ni nzuri, zina mistari ya kupendeza, lakini si za mtu mwenye haraka. Ubao mbichi ukipigiliwa leo, kesho hujikunja, mlango ukagoma kufungwa. Mzee yule alikuwa akizipanga mbao kivulini, kati ya ubao na ubao ametia vijiti ili upepo upite, na kwenye ncha ya kila ubao ameandika mwezi na mwaka kwa makaa. Kanuni yake ilikuwa ile ya maseremala wa zamani kila mahali: unene wa inchi moja, mwaka mmoja wa kukauka. Mteja akija na fedha mkononi akataka kitanda kwa wiki moja, mzee alimwambia akanunue kwingine.

Alikuwa akigonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ulio mkavu hulia, ulio na maji hunyamaza. Viungo vya milango yake havikutegemea misumari. Alichonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye wa pili, vikaingiana hata wembe usipite. Mlango aliouweka wakati wa kiangazi aliuachia nafasi ndogo chini na ubavuni, kwani alijua masika yakija mbao huvimba. Waliokuja baada yake na mashine za umeme hawakujua habari za ile nafasi, na kila masika huitwa kuja kuparuza milango.

Huu ni ujuzi, ndugu msomaji. Ni elimu kama elimu nyingine. Haikuandikwa popote; ilikuwa katika mikono na masikio ya mzee mmoja, na siku ile ilikuwa inashushwa kaburini pamoja naye.

Baada ya mazishi ndugu walikaa kugawana. Kwa habari ya chai na shamba hapakuwa na ugomvi mkubwa. Mzee alikuwa amekwisha kusema. Likabaki sanduku la zana: randa za namna nne, patasi, tezo, keekee, misumeno, timazi, na jiriwa ya mti aliyoitengeneza mwenyewe. Hakuna mtoto wa kiume aliyelitaka. Mmoja akashauri liuzwe kwa wale wanaopima vyuma chakavu kwa kilo. Ndipo mjukuu mmoja wa kike, msichana wa miaka kama ishirini, akasema kwamba yeye analitaka. Wanaume wakacheka. Mwenzangu alinifasiria maneno yaliyopita. Ami yake alisema, "Mtoto wa kike na randa, wapi na wapi?" Msichana akajibu kwa adabu, bila kuinua macho, "Baba mdogo, msumeno wa babu una vishikio viwili. Miaka hii yote ulidhani upande wa pili unashikwa na nani?"

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Alipewa sanduku. Nilipopita huko mara ya mwisho nilimkuta ana meza yake ya kazi chini ya mparachichi, anatengeneza madirisha, na mbao zake zimepangwa kivulini na vijiti katikati. Ufundi ule umeokoka kwa bahati tu. Lau msichana yule angekuwa safarini siku ile, zana zingekwenda kwenye mizani ya vyuma na habari ingekwisha hapo.

Wazee wa Kipolandi na sisi

Huenda mtu akasema kwamba ndivyo dunia ilivyo, fundi husahauliwa kila mahali. Sivyo. Kuna watu waliojifunza kumkumbuka fundi wao, nao walijifunza kwa sababu walidharauliwa.

Mimi hupenda kusoma tanzia za magazeti ya kigeni. Katika miji ya Marekani yenye watu wengi wa asili ya Poland, kama Chicago, Detroit na Buffalo, mzee fundi akifa jamaa zake aghalabu hutaja kazi yake waziwazi: alikuwa mwashi, au fundi wa mashine, au seremala, alifanya kazi kiwanda fulani kwa miaka kadha wa kadha, alikuwa katika chama fulani cha wafanyakazi. Kisha wajukuu huongeza yao: kwamba babu hakutupa msumari hata uliopinda, kwamba meza ya jikoni ilitoka mikononi mwake, kwamba hakuna kilichoharibika nyumbani kwao asichoweza kukitengeneza. Mtu asomaye tanzia kama hiyo, hata kama hakumjua marehemu, humwona amesimama mbele yake na nyundo mkononi.

Asili ya desturi hii ni dhiki. Nchi ya Poland ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795, ikagawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria, na haikurudi kuwa dola hadi mwaka 1918. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia watu wake wengi walikimbilia Marekani kutafuta mkate. Walifanya kazi katika machimbo ya makaa ya Pennsylvania, viwanda vya chuma vya Pittsburgh na machinjio ya Chicago. Wenyeji waliwacheka kwa lugha yao na kuwatungia vichekesho kwamba wao ni wajinga. Mtu aliyeitwa mjinga mchana kutwa alirudi nyumbani akajenga nyumba yake kwa mikono yake, wajukuu wakiona. Basi alipokufa, wajukuu hawakukubali azikwe bila kazi yake kutajwa, kwani kazi ndiyo iliyokuwa jibu lake kwa waliomcheka.

Na hata kabla ya hao, kuna habari ya kale zaidi ambayo ningependa kila fundi wa Mombasa aisikie. Mwaka 1608, katika koloni changa la Waingereza la Jamestown, huko Virginia, waliletwa mafundi wachache wa Kipolandi. Walijua kupika lami ya miti, ile ya kuzibia vyombo vya bahari, na kutengeneza majivu ya kufanyia sabuni. Mwaka 1619 koloni lilipounda baraza lake la kwanza, mafundi hao walinyimwa kura kwa kuwa ni wageni. Wakateta. Kampuni iliyomiliki koloni, yenye makao yake London, ikalazimika mwezi wa Julai mwaka huo kuamua kwamba wapewe haki sawa na wengine. Na uamuzi huo huo ukaongeza jambo la pili: kwamba vijana kadhaa wawekwe chini ya mafundi hao wajifunze, ili ujuzi wao usife pamoja nao.

Tazama hekima hiyo. Wale mabwana wa London hawakuwa watu wa huruma, walitaka faida. Lakini walitambua kwamba fundi mmoja asiye na mwanafunzi ni kisima chenye ufa. Pamoja na hayo, majina ya wengi wa mafundi hao hayakuandikwa katika hati zile. Waliandikwa "Wapolandi" tu. Ujuzi ulithaminiwa, mwenyewe akasahauliwa. Na wajukuu wa leo wanaotafuta asili yao hawana jina la kushika.

Wala watu hao hawako mbali nasi kama tunavyodhani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Warusi waliwahamisha Wapolandi wengi kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati. Mwaka 1942 maelfu yao walivuka bahari ya Kaspi wakaingia Iran, nchi ya Kiislamu, wakiwa na njaa na maradhi, wakapokewa. Kutoka huko meli ziliwaleta katika bandari za pwani yetu, Mombasa ikiwa mojawapo. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walipelekwa kambi za Tanganyika, Uganda, Kenya na kusini zaidi. Kambi ya Tengeru karibu na Arusha peke yake ilikuwa na watu karibu 5,000. Huko Masindi, Uganda, walijenga kanisa ambalo limesimama hadi leo. Vita vilipokwisha walitawanyika: Uingereza, Kanada, Australia, na wengine Marekani.

Tengeru yamebaki makaburi yao, yapatayo 150, yaliyotunzwa vizuri. Wajukuu hutoka ng'ambo kuja kuyatazama. Husoma majina kwenye mawe, wakagusa, wakalia. Lakini jiwe la kaburi halisemi marehemu alikuwa mshonaji au seremala, wala halisemi alijifunza wapi. Jiwe linahifadhi jina na tarehe. Mengine yote lazima yahifadhiwe na watu walio hai, wakiwa bado wanakumbuka.

Milango yetu na mitepe yetu

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Kale wa Lamu umeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja tangu mwaka 2000. Watalii hupiga picha milango ya nakshi, na sisi hujivuna. Simama basi mbele ya mlango mmojawapo. Tazama miimo yake, tazama kizingiti cha juu, tazama mfaa ulivyochongwa. Mara nyingine utakuta mwaka wa Hijria, utakuta aya, huenda ukakuta jina la mwenye nyumba. Jina la aliyechonga ni nadra mno kulikuta. Mwenye nyumba alilipa fedha kwa miezi michache, jina lake likadumu; fundi alilipa macho yake na mgongo wake, akapotea.

Na kwa habari ya ujuzi wenyewe, mfano mkubwa ni mtepe. Hicho ndicho chombo cha kwetu hasa, kilichoundwa visiwa vya Wabajuni, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake likawa la mkeka. Kwa karne nyingi mitepe ilibeba boriti na nafaka kwenye mwambao huu. Katika karne ya ishirini ikaacha kuundwa. Watu wa Zanzibar walipotaka kuunda mmoja tena mwaka 2003, ili uwekwe katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, ilibidi warejee vielelezo vidogo na picha zilizobaki. Hakukuwa na mzee wa kumwuliza, "Hapa kamba hupitaje?" Chombo kilichowalisha babu zetu ilitulazimu tukijifunze upya kama wageni. Huko Virginia mwaka 1619 waliona hatari hiyo mapema. Sisi tulikuja kuijua chombo kilipokwisha kutoweka.

Hatukukosa elimu ya kuandika. Mwambao huu uliandika kabla ya sehemu nyingi za Afrika. Tulikuwa na habari za masultani wa Pate, tukawa na nasaba za masharifu, tukawa na mashairi ya kumlilia maiti. Kalamu ilikuwapo, wino ulikuwapo. Tuliona tu kwamba mtu wa tezo na keekee hastahili wino. Na hapo ndipo penye ugonjwa. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tumemsahau aliyeunda chombo chenyewe.

Najua pingamizi litakalotolewa

Bila shaka yuko atakayesema: "Ndugu mwandishi, wataka tuige hotuba za makaburini? Kumsifu maiti si mwendo wetu." Namjibu kwamba sitaki hotuba makaburini. Maiti wetu na azikwe upesi kama ilivyo, aombewe dua, watu watulie. Kule Githongo kwenyewe niliona kwamba hotuba ndefu yaweza kusomwa na fundi asitajwe. Ninalotaka lifanyike nyumbani, baada ya hitima, au bora zaidi, lifanyike fundi akiwa hai bado.

Tena dini yetu haikumdharau fundi. Nabii Nuhu aliamriwa kuunda jahazi. Nabii Daudi alilainishiwa chuma akafua mavazi ya vita. Nabii Zakaria, kama ilivyopokewa, alikuwa seremala. Na kila mtoto wa chuoni amefundishwa kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha watu, na mtoto mwema wa kumwombea. Tumezoea kudhani kwamba elimu hiyo ni ya vitabu peke yake. Mimi simo katika wanavyuoni na fatwa si kazi yangu, lakini nauliza: mzee aliyewafundisha vijana sita kazi halali, nao wakalisha watoto wao kwayo, je, hakuacha elimu yenye kunufaisha? Basi tukiiacha elimu hiyo ipotee kwa uvivu wetu, tumemkatia marehemu fungu lake.

Basi tufanyeje?

Sisemi tuunde kamati wala tungoje serikali. Nasema mambo manne ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya.

La kwanza, kila mwenye babu au baba fundi na akae naye jioni moja na daftari la shule. Amwulize: Ulijifunza kwa nani, na huyo alijifunza kwa nani? Ni kazi gani unayoona ndiyo bora uliyoifanya, na iko nyumba gani? Ni kosa gani wafanyalo mafundi wa siku hizi linalokuudhi? Swali hili la tatu ndilo lenye hazina, maana mzee aliyenyamaza kwa mengine yote, kwa hili atasema hadi isha.

La pili, fundi na atie jina lake na mwaka kwenye kazi yake, hata kama ni nyuma ya mlango au chini ya kiti, pasipoonekana. Hiyo si kiburi. Ni kuwaachia wajukuu pa kushika, ambapo wajukuu wa wale Wapolandi wa Jamestown hawakupata.

La tatu, zana za marehemu zisiuzwe kwa kilo. Apewe anayezijua, awe mtoto wa kiume au wa kike, awe wa ndani au jirani. Na kama hayupo, ziwekwe, kwani randa hailiki wala haiombi maji.

La nne, na hili nawaambia hasa wazazi: tusimwonee haya mtoto anayependa kazi ya mikono. Tunamsukuma kijana atafute kiti cha ofisini, akikosa twamwita mzigo, na huku fundi wa mtaani hana wa kumshikia upande wa pili wa msumeno. Yule msichana wa Githongo hakutumwa na mtu. Alipenda, akaona, akadai. Je, huku kwetu wangapi wamependa, wakaona, nasi tukawanyamazisha?

Wazee wetu mafundi wanaondoka mmoja mmoja. Katika mtaa wako, msomaji, yuko mmoja sasa hivi ambaye akiondoka hakuna atakayejua jinsi ya kupinda taruma la mashua, au kuchonga mfaa, au kuchanganya chokaa isiyopasuka. Wamjua. Nyumba yake waipita ukienda sokoni. Leo ukimpita, usimsalimie ukaendelea. Kaa.